Asante za Mama Pacha

Kwa miaka minane mizima Mama Shuka alizikimbia asante za Mama Pacha jinsi watu wanavyokimbia mvua. Akimwona kwa mbali anakuja, kikapu mkononi na meno yote nje, alikumbuka ghafla kwamba ana kitu motoni. Akisikia sauti yake mlangoni, aliingia chooni akajifungia humo mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini Mama Pacha hakuwa mtu wa kujua kwamba anakimbiwa. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kumpigia soga mume wa Mama Shuka, fundi saa, ambaye hakuwa na pa kukimbilia kwa kuwa saa ya watu ilikuwa mezani imefunuliwa tumbo.

"Mwambie asiharakishe, shemeji. Tumbo halipigiwi kelele. Nimemletea maparachichi tu."

"Juzi ulileta ndizi."

"Na keshokutwa nitaleta kingine. Mtu akuokoe halafu umshukuru siku moja unawe mikono?"

Huko chooni Mama Shuka aliegemea ukuta, akafumba macho.

Wanawake hawa wawili walikuwa wafuaji wa nguo wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, pembeni mwa jiko la kuchomea taka. Madirisha yake membamba yalikaa juu karibu na dari, na rangi yaliyopakwa mwaka mmoja iliyagandisha yasifunguke tena. Ukiinua macho unaona miguu ya watu inapita nje, basi. Ndani ni mvuke, harufu ya dawa ya kuua wadudu, na kelele ya mapipa ya kukamulia inayomfanya kila mtu aliyefanya kazi humo azungumze nyumbani kwake kama anayegombana.

Katikati ilisimama mashine ya kunyooshea mashuka. Wenyewe waliiita Bibi Harusi, kwa sababu ilivaa nyeupe kutwa nzima na haikutaka kuharakishwa. Ilikuwa na rola mbili za chuma, nene kama mapipa, za moto, zinazozungukiana. Mtu anasimama mbele anaingiza ncha za shuka, na shuka linatokea upande wa pili limenyooka, linadondokea kapuni. Mbele ya rola, usawa wa kifua, kulikuwa na chuma kirefu cha usalama. Ukikisukuma, rola zinasimama papo hapo. Kiliwekwa ili mkono ukivutwa, mtu ajitupe juu yake apone.

Ubaya wa chuma kile ulikuwa wepesi wake. Shuka zito likikigusa, mashine inasimama. Titi likikigusa, inasimama. Na ikisimama, mpaka ikubali kuzunguka tena umeshapiga miayo mitatu. Mama Shuka hakuzaliwa na subira. Alichana ukanda kwenye shuka kuukuu, akakifunga chuma kwa upande wa nyuma kisitikisike. Asubuhi anakifunga, msimamizi akisikika kwenye ngazi, anakifungua. Alifanya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyejua. Walichojua ni kwamba Mama Shuka ananyoosha mashuka mengi kuliko mtu yeyote, na jina lake lilitokana na hilo.

Siku yenyewe koo lilimkauka. Akamwita Mama Pacha, aliyekuwa chumba cha pili anachambua nguo chafu.

"Nishikie hapa dakika mbili nikanywe chai."

Akaenda. Ukanda hakuukumbuka. Alikuwa bado anapuliza kikombe aliposikia ukelele ambao hakudhani unaweza kutoka kwa mtu mzima. Alikimbia, akaipiga swichi kubwa ya ukutani kwa kiganja, rola zikasimama. Watu wakajaa. Wakati wenzake wanamtoa Mama Pacha mkono, yeye alipita upande wa nyuma, akaufungua ukanda, akautia kifuani. Jioni aliuchoma jikoni kwake pamoja na maganda ya vitunguu.

Wachunguzi walipokuja walikisukuma chuma. Mashine ikasimama. Wakasukuma tena, ikasimama tena. Fundi mitambo naye akaitwa akasukuma, jasho jembamba likimtoka, ikasimama. Mama Pacha, kitandani wodini, aliapa na kuapa kwamba alikisukuma kwa kifua akakisukuma na kwa mkono wa kushoto, kisitii. Basi fundi mitambo ndiye mwongo, akasema. Amekitengeneza baada ya mambo kuharibika. Yule fundi alibakiza kidogo afukuzwe kazi. Lakini chuma kilikuwa kizima, na ikajulikana kwamba mapacha walikuwa wanaumwa juma lile lote na mama yao hakuwa amelala. Ikaandikwa: alisinzia. Wakamwambia kwa upole kwamba maumivu huvuruga kumbukumbu. Mwanzo akabisha. Baadaye akaanza kusema labda. Alipopona, akiwa na kidole gumba na viwili vingine katika mkono wa kulia, alikwenda kwa fundi mitambo akampigia magoti. Kisha akaenda kanisani akatubu uzembe wake na kumsingizia mtu wa watu, na tangu siku hiyo akawa mwanamke mwenye furaha kupita wote kwenye benchi lake.

"Mungu kanisamehe," alikuwa akisema, "na dada yangu huyu kaniokoa. Bila yeye kuipiga ile swichi ningebaki na kigutu cha mkono."

Mama Shuka naye alitubu. Juma lilelile la ajali, magoti chini, uso kwenye godoro, alimwambia Mungu kila kitu, kuanzia ukanda mpaka maganda ya vitunguu. Na alisamehewa. Hilo hakulitilia shaka hata siku moja. Aliinuka pale mwepesi, kama mtu aliyeshushwa tenga la nguo mbichi kichwani, akalala usingizi wa mtoto. Kesho yake aliamka akitaka kuimba, akafungua mlango, na Mama Pacha akawa amesimama nje na bendeji yake, karuhusiwa jana kutoka wodini, amekuja kumshukuru.

Wimbo ukaishia kooni, na kooni umekaa.

Kutoka hapo kila mlango alioujaribu aliukuta una mtu. Aliomba ahamishiwe jikoni. Mama Pacha akapanda ngazi mpaka kwa msimamizi, akalia machozi ya kweli: "Mtanitenganishaje na aliyeniokoa?" Msimamizi, asiyeweza kuvumilia machozi, akamrudisha Mama Shuka chini kabla ya kuchanganya chumvi na sukari. Alihamia kanisa lingine, mtaa wa pili, la watu wasiomjua. Jumapili ya tatu akasikia mtu anamgusa bega: "Mbona hukuniaga kama umehama? Nimekutafuta kila benchi!" Akamrudisha kanisa lao la zamani. Mama Pacha alipozaa tena, mtoto wa kike, alimpa jina la Mama Shuka. Chumba kizima cha kufulia kikamwita Shuka Mdogo. Katoto kenyewe kalimpenda mama mkubwa wake kwa kung'ang'ania, kakimwona kanamshika mguu hakamwachii.

Mara moja alimwendea mchungaji. Alimkuta amepanda kiti anahangaika na nyaya za kipaza sauti.

"Mchungaji, mtu akishasamehewa na Mungu, bado ana haja ya kwenda kusema kwa watu?"

"Mungu akisamehe amesamehe, mama," akasema mchungaji, waya mmoja ukiwa mdomoni. "Usifukuefukue. Hebu nishikie hiki kiti."

Alimshikia kiti. Ndilo jibu alilolitaka, na kwa nini halikumtosha hakuweza kumwambia mtu.

Nyumbani alimjaribu mumewe. "Hivi wewe ungeshukuriwa kila siku ungefanyaje?"

Fundi saa aliitoa lenzi kwenye jicho. "Mimi? Mimi nikishatengeneza saa watu wananiuliza kwa nini nimechelewa. Tangu lini mtu akaogopa kushukuriwa? Mpokee mwenzio maparachichi yake, tule."

Hivyo akapokea. Usiku wa sala alifungua mdomo kumshukuru Mungu kwa kumsamehe, na kila alipofika kwenye neno lenyewe alilisikia kwa sauti ya Mama Pacha. Akaruka hapo, akaombea wagonjwa.

Mwaka wa nane kanisa likatangaza Jumapili ya shukrani. Mama Pacha akawa wa kwanza kuandikisha jina. Alhamisi, wakati wa chai, alimvuta Mama Shuka nyuma ya makapu, akafungua mfuko, akatoa kitambaa cheupe.

"Nilitaka kukuficha mpaka Jumapili, lakini wewe na mimi tunafichana nini?"

Kilikuwa kimedariziwa kwa mkono wa kushoto, mwaka mzima. Herufi zilipanda na kushuka kama kuku waliofukuzwa. Mungu Amenisamehe Uzembe Wangu, ziliandika, na chini yake kulikuwa na viganja viwili vilivyoshikana, kimoja kina vidole vitatu.

"Tutasimama wote mbele," akasema Mama Pacha. "Mimi nishike huku, wewe ushike huku. Nitalia, najijua, kwa hiyo wewe usilie, mmoja lazima aweze kusoma. Mbona umenyamaza? Kibaya?"

"Kizuri."

"Huu uzi mwekundu ulinitesa! Nikasema acha unitese, mtu nilimtia fundi wa watu matatani kwa usingizi wangu, Mungu akanifutia, leo nishindwe na uzi?"

Mama Shuka alikikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Mikono yake ilifanya kazi hiyo yenyewe. Siku ile alinyoosha mashuka mpaka kengele ya kutoka na hakujua hata moja limepitaje.

Ijumaa ikabaki mizigo ya wodi ya upasuaji. Mashuka yale ni makubwa, hayakunjwi na mtu mmoja. Wawili wanasimama mbali, kila mmoja na ncha zake, wanalivuta mpaka likaze, kisha wanatembea wakutane katikati, ncha kwa ncha. Kwa miaka minane Mama Pacha alishika kwa kushoto na kubana kwa kiwiko cha kulia, na kwa miaka minane Mama Shuka, walipokutana katikati, aliangalia pindo.

Safari hii pindo halikumsaidia. Walikutana uso kwa uso, shuka katikati yao, na Mama Pacha alikuwa anaimba puani wimbo wa Jumapili.

"Mama Pacha. Hukusinzia."

"Eh?"

"Siku ile. Hukusinzia. Kile chuma nilikuwa nimekifunga mimi. Kwa ukanda wa shuka, kisisumbue. Nikaenda kunywa chai nikausahau. Nilipoizima mashine nikaufungua mtu asione."

Mama Pacha aliendelea kushika ncha zake. Midomo ilikuwa bado imekaa mkao wa kuimba.

"Nilikisukuma," akasema taratibu.

"Ulikisukuma."

"Kwa kifua."

"Ndiyo."

"Nikakisukuma kwa mkono huu. Nikawaambia, pale kitandani. Nikaapa."

"Uliapa."

"Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti."

"Nilikuwa nimekaa."

"Unaninywesha maji kwa kijiko."

Mama Shuka aliitikia kwa kichwa. Mama Pacha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyeona kitu chake kilichopotea kiko mkononi mwa jirani. "Nilikisukuma," akasema tena. "Mimi nilidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nakiota kile chuma, nakisukuma, naamka najiambia mwongo mkubwa wewe, ulilala. Mume wangu akaniambia nisahau. Fundi mitambo nilimpigia magoti, chini, kwenye grisi!"

"Nilimwomba Mungu, mwenzangu. Juma lilelile. Na alinisamehe."

"Hongera." Kicheko kilikatika kama uzi. "Alikusamehe haraka kwa kuwa haukuwa mkono wake ulioingia mle."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme? Wewe ndiye wa kuniambia cha kusema? Miaka minane namshukuru Mungu kwa kunisamehe usingizi ambao sikulala! Na wewe unanisikiliza! Unaitikia amina!"

Aliachia ncha zake. Shuka safi la upasuaji likashuka sakafuni kwenye maji, na wanawake wa upande wa makapu wakageuka wote.

"Jumapili nitasimama vilevile," Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe utakaa benchi la mbele kama tulivyopanga."

"Utasema nini?"

"Utakuja kusikia."

Jumamosi nzima Mama Shuka alizunguka ndani ya nyumba yake ya vyumba viwili kama kuku aliyefungwa mguu. Alifikiria kuumwa, kwenda kwa dada yake, kumwambia mumewe. Hili la mwisho alilifanya, jioni, mbele ya meza ya saa. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua maparachichi yaliyobaki kwenye bakuli, akayaangalia, akayarudisha. Kisha akamwuliza shati lake jeupe liko wapi, maana kesho atakwenda naye.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mama Pacha alipoitwa alipanda mikono mitupu, bila kitambaa. Shuka Mdogo alimfuata mpaka ngazi ya kwanza, akarudishwa.

"Nilijiandikisha kushukuru kwa kusamehewa," akaanza. "Nashukuru. Nina mengi ya kusamehewa, ulimi wangu mnaujua, wengine umewachoma mko humu." Watu wakacheka. "Lakini liko moja nililolitubu hapahapa, nalitoa kwenye orodha, kwa sababu sikulitenda. Nilisema nilisinzia kazini. Sikusinzia. Nilikisukuma kile chuma. Fundi mitambo hakukosa, na mimi sikukosa. Basi, nimemaliza."

Akashuka, akakaa. Mchungaji alisema amina kama anayeuliza swali. Watu walitazamana, wachache wakaitikia. Mpiga kinanda akanyoosha vidole.

Jina halikutajwa. Mama Shuka alielewa pale pale kwamba halitatajwa. Mwenzake ameacha mlango wazi na kwenda zake. Angeweza kukaa kimya mpaka kaburini, amekaa benchi la mbele, mwokozi wa watu, na hakuna mtu duniani angemgusa. Aliona jinsi maisha hayo yatakavyokuwa, kila siku yake moja moja, akahisi pumzi imembana kuliko alivyopata kubanwa na mvuke wowote. Akasimama. Mumewe akasimama naye, bila kuombwa, kisha kwa kuona amesimama bure, akakaa.

"Mimi ndiye niliyekifunga," akasema. Sauti ilitoka kubwa, ile ya chumba cha kufulia, mtoto mmoja akashtuka akaanza kulia. Alisimulia yote, ukanda, chai, kijiko cha maji. "Mungu alinisamehe. Siachi kusema hivyo. Alinisamehe nikiwa sijafanya lolote la kustahili. Na mimi msamaha wake nikaufanya kifuniko cha sufuria, nikauweka juu ya jambo hili nikalikalia. Nikimshukuru naogopa asinisikie mtu. Leo namshukuru mbele yenu. Sina kingine."

Nyaya za kipaza sauti zilisikika zikinguruma. Mchungaji aliangalia Biblia yake kama imeandikwa upya. Mama Shuka alibaki amesimama, hajui mtu anakaaje chini baada ya hapo.

"Kaa, dada," Mama Pacha akasema bila kugeuka. "Watu wana watoto wa kulisha."

Jumatatu ikaja na mambo yake. Msimamizi alimpa karatasi akaandika kila kitu, kurasa tatu. Nakala ikapelekwa kwa fundi mitambo, ambaye aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni, na tangu hapo akikutana na Mama Shuka kwenye korido anapita ukuta wa pili. Wakubwa wa juu walikuwa bado hawajaamua kama atabaki au ataondoka. Wakati wakiamua, aliondolewa kwenye Bibi Harusi akatiwa chumba cha kuchambulia nguo chafu, peke yake, mlango wa chuma, tundu moja la kupokelea mizigo. Maparachichi yalikoma. Hakuna aliyekuja mlangoni jioni. Mumewe alitengeneza saa zake kwa raha, lakini mara mbili alimwona ameinua kichwa, anasikiliza njia.

Mama Pacha ndiye aliyepitisha mizigo kwenye lile tundu. Wiki ya kwanza ulikuja mkono tu wenye vidole vitatu, ukasukuma fungu, ukaondoka. Ya pili hivyohivyo. Mama Shuka hakusema kitu, alikuwa ameshasema. Aliinama, akafungua mafungu, akatenga damu na matapishi, na katikati ya kazi hiyo alikuta anamwambia Mungu asante, kwa sauti, neno zima mpaka mwisho wake, bila kutazama mlangoni. Lilitoka kavu, la kawaida. Akalirudia kesho yake.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, fungu lilikuja na mkono haukuondoka.

"Haya ni ya wodi ya wazazi," ikasema sauti upande wa pili. "Yaloweke kwenye maji baridi kwanza. Ukitia ya moto damu inashika."

Mama Shuka alikuwa amefua nguo za hospitali miaka ishirini na mmoja.

"Nimesikia," akasema.

Mkono ukakaa kidogo pale kwenye tundu, ukaondoka. Alifungua bomba la maji baridi, akazamisha mashuka, akayashikilia chini mpaka yakaacha kuelea.